Sura ya Saba: Ukuta wa Ofisi Ni wa Nani?

Tarehe 25 Desemba si sikukuu ya Wakristo wote wa Homa Bay na Migori. Anayeshangaa kusikia hivyo hajakaa sana Kendu Bay, Rongo wala Mbita. Katika kaunti hizi mbili zilizotokana na Nyanza Kusini ya zamani, yuko Mkatoliki anayekesha kanisani usiku wa tarehe 24 na kupanga sanamu za hori la Bethlehemu. Na yuko Mkristo mwenzake, jirani yake wa mpaka wa shamba, anayesoma Injili zilezile na kusema hajaona humo mahali tarehe hiyo ilipotajwa. Wote wawili wanaamini kwamba Yesu alizaliwa, na wote wawili huenda wakaajiriwa katika ofisi moja, wakaketi kwenye meza zinazotazamana. Kwa hiyo Novemba inapoisha na mtu akaingia na boksi la taa za kumetameta, swali la mapambo halimngoji Mwislamu au Mhindu afike ndipo lizuke. Linazuka baina ya Wakristo wenyewe.

Sura hii inatetea jambo moja. Mapambo ya dini na ya msimu yaruhusiwe kazini, lakini kabla ya kutundika pambo lolote tuulize kwanza ukuta huo ni wa nani. Meza ya mfanyakazi ina hukumu yake, ukuta wa pamoja una yake, na dirisha ambalo mwananchi analiendea kutafuta huduma ya serikali lina yake. Tukizichanganya sehemu hizo tatu, anayependa sikukuu ataonekana mchokozi na asiyeiadhimisha ataonekana mchawi wa furaha ya wenzake, ilhali hakuna kati yao aliyekusudia ubaya.

Imani zilivyofika Nyanza Kusini

Mwaka 1906 mmisionari Arthur Carscallen alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, akiwa na mwenzake Mwafrika, Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kutoka Gendia Uadventista ulienea pande zote. Mtambo wa kuchapisha vitabu ulianza kazi Gendia mwaka 1913, shule ya Kamagambo karibu na Rongo ikaanzishwa mwaka huohuo, na hospitali ya Kendu ikafuata mwaka 1925. Waadventista hao, yaani Wasabato, walileta shule na dawa, na pamoja na hivyo wakaleta namna nyingine ya kuhesabu juma: Ijumaa jua likizama, jembe linawekwa chini, duka linafungwa, na chakula cha kesho yake kinakuwa kimekwisha kuandaliwa.

Wakatoliki nao walijenga. Asumbi ikawa kituo chao kikubwa, na jina lake bado limebebwa na chuo cha ualimu, hospitali na shirika la masista. Mwaka 1993 Jimbo Katoliki la Homa Bay liliundwa, likizihudumia kaunti zote mbili tunazozizungumzia. Miaka thelathini kabla ya hapo, humohumo miongoni mwa Wakatoliki wa Nyanza Kusini, lilikuwa limechipuka kanisa jingine: Legio Maria, lililoongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Ondeto alifariki mwaka 1991, na Got Kwer, kaunti ya Migori, alikozikwa, pamekuwa mahali patakatifu pa waumini wake. Ukikutana nao njiani utawatambua kwa kanzu zao za rangi mbalimbali na rozari shingoni.

Kendu Bay ina Waislamu wake wa tangu zamani, na msikiti wa mji huo ni miongoni mwa majengo yanayojulikana sana kando ya ziwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka katika miji hii enzi za ukoloni. Mashahidi wa Yehova, ambao hawaadhimishi Krismasi wala siku za kuzaliwa, wanabisha hodi mijini na vijijini. Na kati ya Wajaluo, Wasuba na Wakuria wapo wanaoshika mila za wazee bila kujiandikisha kanisa lolote.

Historia hii ndiyo inayofanya neno "Mkristo" kwenye fomu ya kuajiriwa lisimwambie mkuu wa ofisi lolote kuhusu Desemba. Hata akiuliza Wasabato kwa jumla wana msimamo gani, hatapata jibu moja. Ellen White, ambaye maandiko yake yanaheshimiwa sana katika kanisa hilo, aliandika mwaka 1879 kwamba si dhambi kuweka mti wa Krismasi kanisani, iwapo matawi yake yatatundikwa sadaka kwa ajili ya kazi ya Mungu. Hata hivyo wapo Wasabato wengi wa Nyanza wasiotaka kuusogelea mti huo, kwa sababu wanaona desturi hiyo haina msingi katika Maandiko. Wapo pia wanaochinja kuku na kuwapokea watoto kutoka Nairobi tarehe 25 kama majirani wengine. Dhamiri ni ya mtu binafsi, kwa hiyo wa kuulizwa ni mtu mwenyewe.

Katiba inavyotulinda sote wawili

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inamtaja Mungu Mwenyezi katika utangulizi wake, kisha katika Kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya taifa. Mambo haya mawili hayapingani. Watunzi wake walijua kwamba Wakenya ni watu wa ibada, na kwa sababu hiyohiyo hawakutaka serikali imchagulie mtu ibada yake.

Kifungu cha 32 ndicho kinachogusa moja kwa moja ukuta wa ofisi. Kinampa kila mtu haki ya kudhihirisha imani yake, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, faraghani au hadharani, ikiwemo kuadhimisha siku yake ya ibada. Kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya dini yake. Kisha kinaongeza ulinzi ambao maofisi mengi huusahau: hakuna anayeweza kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa kidini, na katazo hilo haliishii kwa serikali. Linamfunga pia mwajiri binafsi mwenye duka la vifaa vya ujenzi Migori mjini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika sehemu yake ya 5, inarudia katazo hilo na kutaja ubaguzi wa wazi na ule usio wa wazi.

Soma haki hizo kwa pamoja uone zinavyokaa. Anayetaka kutundika nyota ya Bethlehemu ana haki ya kudhihirisha imani. Asiyetaka kuitundika ana haki ya kutolazimishwa. Katiba haikumwacha mmoja ili imlinde mwingine. Kazi ya mkuu wa ofisi ni kuhakikisha haki zote mbili zinapata nafasi ndani ya chumba kimoja.

Meza, ukuta, dirisha

Tuanze na meza. Mfanyakazi akiweka kadi ya Krismasi kando ya kompyuta yake, picha ya Bikira Maria, kalenda ya kanisa la Sabato au aya ya Kurani iliyoandikwa vizuri, amejieleza yeye mwenyewe tu. Hapo jibu liwe ndiyo kwa wote. Kipimo ni usawa: kama kadi ya Krismasi inaruhusiwa, kalenda ya Ramadhani nayo inaruhusiwa, bila mtu kuitwa pembeni kuulizwa kwa nini ameileta.

Mipaka michache ipo, nayo ni ya kazi yenyewe. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu iliyowahusu wanawake wawili wa Uingereza waliotaka kuvaa msalaba kazini. Nadia Eweida, mfanyakazi wa British Airways, alishinda, kwa kuwa msalaba wake mdogo haukumdhuru mtu. Shirley Chaplin, muuguzi, alishindwa, kwa kuwa mkufu unaoning'inia wodini ungeweza kumletea mgonjwa au muuguzi madhara. Hukumu hiyo haitufungi Kenya, lakini busara yake inafaa katika hospitali zetu. Karatasi za kung'aa zisining'inie juu ya kitanda cha mgonjwa wa upasuaji, na waya za taa za bei rahisi zisipitishwe karibu na mtungi wa oksijeni, hata kama kila mfanyakazi wa wodi hiyo ni Mkristo.

Ukuta wa pamoja una mambo mengine. Chumba cha mapumziko, ukumbi wa mikutano, lango la karakana, hizi ni sehemu ambazo mtu hawezi kuzikwepa kwa sababu mshahara wake uko humo. Watu husema: asiyependa asitazame. Jawabu hilo lingefaa barabarani, ambako mtu hupita na kwenda zake. Anayeketi chini ya pambo saa nane kila siku, mwezi mzima, hana kwa kupita. Pale mapambo yapangwe kwa mazungumzo, yawe na siku ya kupandishwa na siku ya kushushwa, na sikukuu za wengine zipewe nafasi ya kweli. Waislamu wawili katika ofisi ya watu hamsini hawahitaji kujaza ukuta siku ya Idd-ul-Fitr. Wanahitaji kujua kwamba wakitaka kuweka salamu ya Idd, itabaki ukutani muda uleule uliopewa ile ya Pasaka.

Ukuta huo ukiwa wa kanisa lenyewe, mizani hubadilika. Hospitali ya Waadventista haiwezi kudaiwa iweke mti wa Krismasi, wala hospitali ya misheni ya Kikatoliki haiwezi kudaiwa iondoe msalaba mlangoni. Anayeomba kazi huko anajua anaingia nyumba ya nani. Mwenye nyumba ana haki ya kupamba kwake. Hana haki ya kumwamuru mfanyakazi wa imani nyingine apige magoti mbele ya pambo hilo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeliweka wazi jambo hili kwa upande wa shule: kanisa linalodhamini shule lina jukumu la kukuza maisha ya kiroho, lakini likilinda imani ya walio wa madhehebu mengine. Mwalimu Msabato aliyepelekwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu katika shule ya umma inayodhaminiwa na Wakatoliki anaheshimu sanamu ya Maria iliyo langoni. Asiamriwe kuivisha maua.

Pia tusisahau kwamba wakazi wengi wa kaunti hizi hawafanyi kazi ofisini kabisa. Kazi yao iko ziwani, sokoni, kwenye boda boda na katika vibanda. Mashua nyingi za Mbita, Sori na Muhuru hubeba majina na maneno ya imani ubavuni, na mwenye boda boda hubandika sala yake juu ya kioo cha upepo. Hapo mwenye chombo ndiye mwenye ukuta, na hakuna sababu ya kumgusa. Watu hawa wanatukumbusha kwamba katika Nyanza imani haikuwahi kuachwa mlangoni mwa kazi. Mvuvi anayeingia majini usiku ana haja ya Mungu wake kuliko karani aliye chini ya paa.

Linabaki dirisha. Kwa dirisha nina maana ya kaunta ya ofisi ya kaunti, mapokezi ya hospitali ya rufaa, meza ya msajili wa vyeti, korti. Hapa nasimama kwa ukali zaidi, kwa sababu anayelijia dirisha hili hana dirisha jingine. Mama aliyetoka Got Kwer na rozari yake, mzee Mwislamu wa Kendu Bay na kijana asiye na dini wote wanalipia huduma hiyo kwa kodi. Mapambo ya furaha ya msimu, kama maua, riboni na taa, hayamwambii yeyote kati yao kwamba amekuja mahali pasipo pake. Bango kubwa juu ya kichwa cha karani linalotangaza kwamba ofisi hii ni ya Yesu linamwambia hivyo. Hata Mkristo alione hilo: leo bango ni la imani yake, kesho mkuu mpya wa idara akija na imani nyingine litabadilishwa, na atakayekaa kwenye benchi akijiuliza kama faili yake itashughulikiwa atakuwa yeye.

Marekani walilipambanua jambo hili mwaka 1989, katika kesi iliyohusu kaunti ya Allegheny, huko Pittsburgh. Mahakama ya Juu iliona kwamba hori la Noeli lililowekwa peke yake kwenye ngazi kuu ya mahakama ya kaunti lilikuwa kama tangazo la serikali kuunga mkono dini moja. Lakini nje ya jengo jingine la serikali, ambako mti wa Krismasi ulisimama pamoja na kinara cha Kiyahudi na bango la kusifu uhuru, mahakama haikuona kosa. Uzito wa kesi ulikuwa mahali pambo lilipowekwa na ujumbe ambao mpita njia angeusoma.

Mchango usioitwa mchango

Mara nyingi kidonda hakiletwi na mti, kinaletwa na namna fedha zake zilivyochangwa. Tuchukue mfano wa ofisi yoyote ya wafanyakazi ishirini. Ujumbe unaingia kwenye kikundi cha WhatsApp: kila mtu shilingi mia mbili za mapambo, mwisho Ijumaa. Orodha inafuata, yenye majina na alama kwa waliotoa. Hakuna aliyelazimishwa kwa maneno, lakini jina lisilo na alama linaonekana na wote, bosi akiwemo. Karani kijana, bado yuko kwenye miezi ya majaribio, anamwendea mkuu wake na kusema kwa sauti ya chini, "Madam, mimi ni Msabato. Hii ya mti naomba mnisamehe." Kwa nini aombe msamaha? Hajamkosea mtu. Katiba imempa haki ambayo orodha ile imemfanya aiombe kama fadhila.

Orodha ya namna hiyo ikomeshwe. Anayetaka kuchangia na achangie kwa mtu mmoja anayejulikana, kimya kimya, na asiyechanga asitajwe. Vivyo hivyo kwa kazi ya mikono: mhudumu wa usafi asiamriwe kupanda ngazi kutundika vitu ambavyo dhamiri yake inavikataa. Kuhusu ofisi za serikali, Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka fedha za umma zitumiwe kwa busara na uwajibikaji. Mapambo ya dini yagharimiwe na wanaoyataka, wala yasitoke kwenye bajeti ya dawa au ya karatasi za ofisi.

Siku kwanza, taa baadaye

Mkuu wa ofisi anaweza kuweka mti, nyota na hilali, akapigwa picha na wafanyakazi wote wakitabasamu, kisha Jumamosi akamwandika kazini mtu ambaye kwake siku hiyo ni ya Bwana. Mapambo ni rahisi. Siku ina gharama, na ndiyo inayopima kama heshima ni ya kweli.

Sheria ya Sikukuu za Umma inawapa Wakenya wote Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Idd-ul-Fitr na Krismasi. Sabato haimo, ingawa huja mara hamsini na mbili kwa mwaka. Waadventista waliwahi kulipeleka jambo hili mahakamani kwa niaba ya wanafunzi waliotakiwa kuingia darasani Jumamosi, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Kesi ilikuwa ya shule, lakini fundisho lake linafika kazini: kanuni inayoonekana sawa kwa wote yaweza kumwumiza mmoja peke yake, na mwenye mamlaka anapaswa kutafuta nafasi ya kumwepusha na maumivu hayo inapowezekana.

Na katika kaunti hizi inawezekana kuliko mahali pengi. Wodi haifungwi Krismasi. Kiwanda cha sukari kama kile cha Awendo huendeshwa kwa zamu. Kituo cha polisi cha Isebania, mpakani na Tanzania, hakilali. Penye wafanyakazi ambao tarehe 25 kwao ni siku ya kawaida na wengine ambao Jumamosi kwao ni siku ya kawaida, mpanga ratiba ana bahati kubwa. Muuguzi Msabato ashike zamu ya Krismasi kwa hiari yake, Mkatoliki amshikie Sabato, na Mwislamu ashikiwe na wote wawili siku ya Idd. Hakuna shilingi ya ziada iliyotumika, na kila mmoja ameabudu.

Kwa nini tusipige marufuku yote?

Wapo wenye nia njema wanaosema suluhisho ni ukuta mweupe. Ufaransa ilichagua njia iliyo karibu na hiyo kwa sheria yake ya mwaka 1905, inayokataza alama za dini kwenye majengo ya umma, na watumishi wake wa umma hawaruhusiwi kuvaa alama za dini kazini. Ufaransa ilikuwa na sababu zake, ikitoka katika mvutano mrefu wa dola na Kanisa Katoliki. Historia yetu ni nyingine. Kanisa lilitangulia serikali katika kufundisha na kutibu Gendia, Kamagambo na Asumbi. Kumwambia mfanyakazi wa Homa Bay avue imani yake langoni ni kumtaka afiche nusu ya maisha yake, na marufuku hiyo haitawagusa wote kwa uzito mmoja. Asiye na alama yoyote hatapoteza kitu. Anayevaa hijabu au rozari kama wajibu ndiye atakayelipa.

Watu wa Nyanza Kusini wana mfano wao wenyewe ulio bora kuliko ukuta mweupe. Jumamosi ni siku ya kawaida ya kuzika katika maboma mengi ya Wajaluo, kwa kuwa ndipo watu wa mijini wanapopata nafasi ya kufika. Lakini Msabato akifariki, familia hupanga siku nyingine, na majirani Wakatoliki, Waanglikana na wa Legio Maria hufika siku hiyo, hubeba maji, hupika, hukaa na wafiwa. Hakuna anayedai kwamba imani yake imeshushwa kwa kuwa ratiba imefuata imani ya marehemu. Watu wanaoweza kufanya hivyo katika msiba hawawezi kushindwa na swali la riboni na taa.

Kinachokosekana ofisini ni kukubaliana mapema. Kila mwajiri wa kaunti hizi, wa umma na binafsi, aandike nusu ukurasa mwezi wa Oktoba, kabla boksi la kwanza la taa halijafunguliwa. Uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mlinzi wa lango na mkurugenzi, na useme mambo matano: meza ya mtu ni yake kwa usawa, ukuta wa pamoja hupambwa kwa makubaliano na kwa muda, dirisha la huduma halihubiri, hakuna mchango wala kazi ya shuruti, na ratiba ya siku za ibada hupangwa kabla ya mapambo. Ubandikwe pale kila mtu anapoweza kuusoma. Mfanyakazi mpya akiusoma siku yake ya kwanza, atajua kwamba hapa anaweza kusherehekea bila kumwudhi mtu, na anaweza kukataa bila kuomba msamaha.